Vunjajungu wa Mama Junior

Mwezi uliopita niliwaahidi kwamba leo tutaongea kuhusu wakwe wanaokuja kusalimia wiki moja wakamaliza mwaka. Mnisamehe, mada hiyo itasubiri. Leo nina wadudu. Najua kuna dada ameshaanza kufunua ukurasa unaofuata, lakini subiri kidogo, maana ndani ya habari hii ya wadudu kuna ndoa, na ndoa yenyewe ni ya kwangu.

Mnaonifahamu kwenye safu hii mnajua jinsi ninavyopenda kuwahubiria kuhusu ukweli ndani ya nyumba. Mwambie mwenzio, usifiche, na kadhalika na kadhalika. Sasa msikilizeni mhubiri mwenyewe. Januari 2024 ofisi niliyokuwa nafanya kazi ilipunguza watu, na mimi nikawa mmojawapo. Barua nilipewa Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi nikaoga, nikavaa shati lililopigwa pasi na mke wangu, nikambusu Junior, nikapanda daladala kama kawaida. Nikaenda kukaa Mnazi Mmoja chini ya mti na gazeti. Jumanne hivyo hivyo. Nilifanya mchezo huo kwa siku kumi na moja.

Mama Junior ni mhudumu wa dirishani katika benki moja hapa Dar. Siku ya kumi na mbili akaja mama mmoja kuweka hela, mke wa mtu niliyepunguzwa naye, akamwambia, "Poleni jamani na huu mtihani." Mke wangu akauliza, "Mtihani gani?"

Jioni ile nilitegemea vurugu. Haikuwepo. Alipakua wali, akaniwekea na samaki kipande kikubwa, akasema, "Nimesikia." Basi. Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa na adabu mbaya sana. Umeamkaje? Salama. Luku ipo? Ipo. Ningekula matusi kwa furaha kuliko ule ukimya. Dada wa kazi tulimwomba arudi kwao maana mshahara wake haukuwepo tena, kwa hiyo kupika, kufua na kumpokea Junior kutoka shule vikawa vyangu. Siombi pole kwa hilo, wanawake wanafanya hivyo tangu dunia iumbwe.

Sasa kamera. Mwaka 2019 nilinunua Canon ya mtumba nikiwa na ndoto za kupiga picha za harusi wikiendi. Biashara ilikufa kabla haijasimama, kamera ikapanda juu ya kabati. Aprili, ada ya muhula wa Julai ikiwa imeanza kutunyima usingizi, tukakubaliana iuzwe. Nikaishusha, nikachaji betri, nikatoka nayo nyuma ya nyumba kuijaribu ili mnunuzi asije kusema ni kimeo. Kwenye jani la mpapai alikuwa amekaa nzi wa kijani, yule anayeng'aa kama rangi ya gari jipya. Nikamlenga, nikabonyeza.

Nilipoikuza ile picha kwenye kioo sikuona nzi. Niliona kitu kama zabibu kavu iliyodondokea kwenye chai. Nikasogea karibu zaidi, kamera ikagoma kabisa, ikawa inakoroma tu, lenzi inaenda mbele na nyuma. Nzi akaruka. Sijui ni nini kilinikera zaidi, nzi au mimi mwenyewe, lakini nilikaa bustanini hadi jua likawa kali, na kesho yake nikarudi.

Nikueleze kilichokuwa kinatokea, kwa sababu na wewe ukijaribu kitakukuta hicho hicho. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera haioni kitu kilicho karibu nayo sana. Ile yangu inataka sentimita ishirini na tano hivi, na kwa umbali huo nzi anabaki kuwa kitone. Picha za makro, yaani picha za vitu vidogo kwa karibu sana, zinataka mdudu atokee kwenye kile kibati cha kunasa picha ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi au zaidi. Kibati cha kamera kama yangu kina upana wa milimita 22 na ushee. Maana yake mdudu wa milimita 22 anajaza picha kutoka ukingo hadi ukingo. Lenzi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zipo, na bei yake ni noma. Mtu asiye na kazi haulizi hata bei.

Fundi mmoja wa kamera pale Kariakoo ndiye aliyenifungua macho. Akachukua lenzi yangu nyingine, ile ndogo ya milimita 50, akaigeuza nyuma mbele akaishikilia kwenye mdomo wa kamera. "Tazama," akasema. Nikatazama noti ya elfu mbili iliyokuwa mezani kwake nikaona nyuzi za karatasi. Kumbe lenzi ikigeuzwa inakuwa kama kioo cha kukuzia. Kinachohitajika ni pete moja tu ya kuishikilia ikiwa imegeuka, upande mmoja ina nyuzi kama kifuniko cha chupa, upande wa pili inaingia kwenye kamera. Aliniuzia elfu kumi na tano. Hela hiyo ilikuwa ya mboga, nami sikumwambia mtu. Ndiyo, najua. Mhubiri hakuwa ameokoka bado.

Wiki mbili za kwanza nilipata picha mia nne za ukungu. Lenzi ikigeuzwa inaachana na umeme wa kamera, kwa hiyo tundu lake la kupitisha mwanga linabaki wazi kabisa, na likiwa wazi hivyo sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba kuliko ukucha. Ukilenga jicho, pua imepotea. (Wadudu hawana pua, lakini mnanielewa.) Dawa yake kwa Canon ni ya kihuni kidogo: kabla hujaigeuza lenzi, ivae kawaida, weka tundu kwenye namba 8 au 11, bonyeza na ushikilie kile kitufe kidogo cha kuchungulia kina cha picha, kisha ukiwa bado umekishikilia, chomoa lenzi. Tundu linabaki limefumba pale pale. Hata hivyo usitegemee miujiza. Kwa ukubwa huo sehemu inayoonekana vizuri haifiki hata milimita moja. Sisimizi wa kawaida ana urefu kuliko hapo.

Kitu cha pili kilinichukua muda zaidi kukielewa. Ukiwa karibu hivyo, kuzungusha pete ya lenzi hakukusaidii kitu. Anayetakiwa kusogea ni wewe. Unakaa, viwiko juu ya magoti, au unalala kifudifudi kwenye mkeka, unatoa pumzi taratibu, unausogeza mwili mzima mbele kwa kiasi cha unywele, na mara jicho la mdudu linapotulia unabonyeza. Ukizidi kidogo tu limepita. Unarudi nyuma, unaanza upya. Upepo ukipuliza unasubiri. Mimi nilizoea kukaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikawa nasikia mapigo ya moyo wangu yakiitikisa picha. Nilikuwa sijausikiliza moyo wangu tangu Januari.

Halafu mwanga. Tundu likifumba giza linaingia, inabidi utumie flashi, na flashi peke yake inamfanya mdudu aonekane kama mwizi aliyemulikwa na tochi ya sungusungu: upande mmoja mweupe, upande mwingine kiza. Lazima mwanga ulainishwe. Nikatafuta kitu cheupe chenye kupitisha mwanga, nikakipata jikoni: ndoo ndogo ya plastiki ya mtindi. Nikaikata nusu, nikaifunga mbele ya flashi kwa gundi ya karatasi. Ilifanya kazi bomba sana. Kumbe ilikuwa ndoo ya Mama Junior ya kuwekea unga wa uji wa mtoto.

Na muda. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mdudu hana joto lake mwenyewe, anategemea jua, kwa hiyo asubuhi akiwa na umande mgongoni ni mzito kama mtu wa Jumatatu. Ikifika saa nne amechangamka, utamfukuza hadi utukane.

Darasa langu la kwanza lilikuwa maji moto, wale chungu wa rangi ya chungwa wanaoishi kwenye mwembe wetu. Wanang'ata, kisha wanamwagia tindikali pale walipong'ata, ndo maana wakaitwa hivyo. Nilikuwa nawaona tangu utoto na sikuwahi kuwatazama. Siku moja nikawakuta wanajenga. Wamejipanga mstari ukingoni mwa majani mawili, wanayavuta yakutane, wengine wameng'ata viuno vya wenzao kama mnyororo. Nikapiga, nikakuza picha, nikaona kila mmoja kati ya wale wa ndani ameshika mdomoni kitu cheupe kama punje ya mchele. Nikasoma baadaye kwamba ile punje ni mtoto, buu, na ndiye mwenye uzi. Mkubwa anamshika na kumpeleka huku na huku kati ya majani mawili kama fundi anavyopeleka sindano. Nyumba nzima inashonwa na watoto. Wakulima wetu wanawafahamu kwa faida nyingine pia: miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza, M. J. Way, aliwachunguza Zanzibar, ikaonekana wanawalinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza madafu machanga. Mdudu huyo mharibifu akapewa jina la kisayansi lenye jina la huyo Way ndani yake. Sijui kama ni heshima au dhihaka.

Siku ile nilirudi ndani nimevimba shingo, mikono na sehemu ambayo gazeti hili haliruhusu kuitaja, na picha tatu nzuri kati ya mia mbili. Nilikuwa na furaha, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Ndipo nilipojua hali ya nyumba yangu ilivyo.

Sasa tufike Ijumaa ya tarehe 10 Mei. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita wiki iliyotangulia, mvua ilikuwa imetushika kweli kweli, na baada ya mvua bustani ilijaa kila kiumbe. Kunde alizopanda Mama Junior mwenyewe zilikuwa zimevamiwa na vidukari, wale weusi wadogo wanaoganda kwenye shina kama masizi. Kwangu ilikuwa sikukuu. Nilisahau saa. Alipoingia getini saa mbili usiku, ametoka kwenye foleni ya Morogoro Road, amesimama njia nzima, akakuta jiko la baridi, Junior anakula mkate mkavu mbele ya televisheni, ndoo yake ya unga imekatwa nusu, na mume wake nje na tochi amelala chini kwenye matope.

Hakusema kitu. Akaenda stoo, akatoka na bomba la dawa.

Nami, msomaji wangu, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Subiri kidogo Mama Junior, nipige hii kwanza."

Akaliweka bomba chini. Akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Siku kumi na moja, Baba Junior. Siku kumi na moja ulikuwa unanitazama usoni unaniambia kazini salama. Leo nisubiri umtazame kidukari?"

Akaingia ndani. Dawa hakupiga. Chakula hakula.

Usiku ule sikulala. Nilikaa sebuleni na kompyuta nikifuta picha, nikijiambia kesho nampigia simu yule wa kununua kamera apunguze bei achukue zake. Saa saba hivi akatoka chumbani amejifunga kanga, anaenda kunywa maji. Akapita nyuma yangu. Akasimama.

"Huyo nani?"

Kwenye kioo kulikuwa na mdudu wa kutisha, mweusi mwenye madoa ya chungwa, mgongo una miiba, umbo kama mamba mdogo. Nikamwambia sijui, nimemkuta kwenye kunde katikati ya vidukari, urefu wake haufiki hata punje ya mchele.

"Namjua huyu," akasema. "Nambonda kila Jumamosi. Anakula kunde zangu."

Nikaikuza zaidi. Mdomoni alikuwa na mguu wa kidukari. Tukatazamana. Tukaanza kutafuta kwenye simu, yeye akiwa bado amesimama, kisha amekaa kwenye mkono wa kochi. Tulichokipata ni hiki: yule mamba ni mtoto wa yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, mzuri, ambaye kila mtu anamchora kwenye nguo za watoto. Kazi yake kubwa tangu anapoanguliwa ni kula vidukari. Kwa hiyo mke wangu misimu miwili alikuwa anawaua askari wake mwenyewe kwa kidole gumba.

Akacheka. Kicheko cha kwanza tangu Januari, na kilimtoka kwa bahati mbaya, akaziba mdomo. Kisha akaonyesha picha nyingine, "Hii futa, jicho halijatulia. Na hii. Hii iache." Mtu anayeshika noti siku nzima akitafuta zilizo bandia ana jicho ambalo mimi sitakuja kulipata. Tukaendelea hivyo, futa, acha, futa, futa, hadi akauliza bila kunigeukia, "Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyaandaa pale Mnazi Mmoja. Nikasema lililobaki: "Niliogopa kukuona unapiga hesabu. Ukipiga hesabu uso wako unabadilika. Niliona nitakuwa moja ya zile za kutoa."

Akanyamaza. "Ningepiga," akasema. "Si ndo kazi yangu? Ungenipa siku kumi na moja za kupiga mapema."

Sitawadanganya kwamba yaliisha usiku ule. Kuna siku mbili tatu baadaye tuligombana kwa ajili ya sufuria. Lakini alikuwa amekaa karibu nami kwenye kochi hadi saa tisa, na pete ya elfu kumi na tano nilimwambia usiku ule ule. Alisema ameshajua, maana hela ya mboga huwa anaihesabu.

Tarehe 16 Mei ndipo alipotokea vunjajungu. Jike la kijani, tumbo kubwa, ameinama kichwa chini kwenye tawi la mlimau. Mama Junior ndiye aliyemwona, akiwa anachuma limau kabla ya kwenda kazini, akaniita kwa kunong'ona. Alikuwa anatoa povu jeupe kwa nyuma, analipanga taratibu huku na huku, na mayai yakiwa ndani. Lile povu hukauka likawa gamba gumu la rangi ya udongo. Nikakimbilia kamera. Yeye akashika ile nusu ndoo ya mtindi juu ya flashi, viatu vya kazini vikizama kwenye udongo.

Mkimtazama vunjajungu kwa karibu mtaona kitone cheusi ndani ya jicho lake, na popote unaposimama kinakufuata. Mke wangu alirudi nyuma, "Jamani ananiangalia!" Kumbe siyo mboni. Jicho lake limejengwa na vijicho vingi vidogo vilivyopangwa kama sega, na vile vinavyoelekea kwako moja kwa moja vinaumeza mwanga badala ya kuurudisha, kwa hiyo unaona weusi. Ukisogea, vijicho vingine ndivyo vinavyokuelekea. Nilimweleza hayo baadaye. Akasema hata kama, alikuwa anamwangalia.

Na kwa kuwa hii ni safu ya mahusiano, ndiyo, ni yeye, yule jike ambaye wakati mwingine humla dume wakiwa katikati ya mapenzi. Siyo kila mara. Mama Junior alipolisikia hilo akasema dume huyo lazima alichelewa kusema jambo.

Wazee wanasema ukimgusa vunjajungu utavunja chungu. Mama Junior alimgusa mgongoni kwa kidole, kidogo tu. Jioni ile mfuniko wa hotpoti ukadondoka ukapasuka. Yeye anasema ni utelezi wa sabuni.

Gamba likabaki pale kwenye tawi. Akaandika tarehe kwenye kalenda iliyopo mlangoni mwa friji, kila asubuhi akawa anaweka alama. Akitoka kazini anauliza Junior kala, luku ipo, na gamba je? Nikawa napika mapema ili giza lisitukute. Kumbuka muda wote huo kamera ilikuwa bado inauzwa. Hakuna aliyesema isiuzwe. Ada haimjui vunjajungu. Mnunuzi alipatikana, kijana wa Mbezi anayepiga picha za send-off na kitchen party, tukakubaliana laki sita na nusu pamoja na lenzi zote mbili. Akasema atakuja Jumamosi, tarehe 22 Juni.

Kama na wewe unataka kuanza, kabla sijamaliza: usinunue kitu. Kama una kamera imelala kabatini, jaribu kwanza kuigeuza lenzi kwa mkono wako, uone kama unaipenda kazi yenyewe, lakini fanya hivyo mahali pasipo na vumbi maana ndani ya kamera kunabaki wazi. Kama una simu tu, Kariakoo kuna lenzi ndogo za kubana kwenye simu, zinakupa kipepeo na panzi vizuri kabisa, ila ukingoni mwa picha panavurugika. Msilinganishe picha zenu na zile za kwenye vitabu. Yupo Mwingereza, Levon Biss, ambaye picha zake za wadudu zilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Oxford mwaka 2016, kila mdudu amejengwa kwa maelfu ya picha zilizounganishwa kipande kwa kipande. Nyie wekeni jicho litulie, basi. Na msimshike mdudu, msimweke kwenye friji apoe kama wengine wanavyoshauri. Ni mgeni wenu, au nyie ndio wageni wake.

Jumamosi ile niliamka saa kumi na mbili nikamkuta hayupo kitandani. Alikuwa nje, amechuchumaa mbele ya mlimau na kanga begani. "Wanatoka," akasema.

Walikuwa wanatoka kweli. Kwenye ubavu wa gamba, vitu vya rangi ya maziwa, havina miguu, vinajisukuma nje kama dawa ya meno, kisha vinaning'inia kwa uzi mwembamba usioonekana mpaka jua liupige. Hewani pale pale kila kimoja kinavua ngozi, na ndani ya ngozi anatoka vunjajungu kamili, mdogo sana, na macho yake meusi. Wakaning'inia fungu zima kama zabibu, wakitikisika. Mama Junior akashika ndoo ya mtindi, mimi nikatoa pumzi, nikasogea.

Mnunuzi akagonga geti saa mbili kasoro. Junior akamfungulia. Nikasikia Mama Junior akisema bila kugeuka, "Karibu kaka, shikamoo yako tutaitikia baadaye, njoo taratibu usitikise tawi." Kijana wa watu akasimama nyuma yetu na hela yake mfukoni kwa dakika arobaini. Mwisho akawa yeye ndiye anayeshika mwavuli wa kuzuia upepo. Mke wangu alihesabu watoto hadi 64, wakaanza kukimbia huku na huku akapotea hesabu, na nyinyi hamjui inamuuma kiasi gani.

Tulikunywa chai wote watatu. Nikatoa memori kadi, nikairudisha lenzi upande wake, kijana akajaribu kamera kwa kumpiga picha Junior. Ilikuwa nzima. Akahesabu hela, Mama Junior akazihesabu tena. Jumatatu ada ikalipwa. Mimi baadaye nikapata kazi ya mkataba, siyo kama ile ya zamani, na kwa sasa napiga picha kwa simu.

Lakini kabla hajaondoka, yule kijana akaiona pete ya kugeuzia lenzi pale mezani. "Na hii bro, si inakuja na kamera? Nyie hamtaitumia tena."

Mama Junior akaifunika kwa kiganja. "Hiyo pete haiuzwi."

Kijana akatazama kidole chake, akanitazama mimi, akaomba radhi.